Mzinga Ambao Sikuufungua

Mwaka wa 1961, nikiwa na miaka kumi na minne, ndipo taabu iliponishika. Kabla ya hapo tulikuwa maskini kama wengine, lakini hiyo si taabu, ni maisha tu. Mwaka huo mvua ilikosa kabisa. Ng'ombe wa baba walikufa mmoja mmoja, na wa mwisho tulimchinja kabla hajafa mwenyewe. Watu wetu wa Kitui bado wanaiita njaa ile ya ndege, kwa sababu chakula kilikuja na ndege. Mimi ndege sikuiona. Niliona foleni. Nilikuwa standadi ya tatu, mkubwa kuliko wote darasani maana nilichelewa kuanza. Baba akaniita akaniambia shule imekwisha. Hakusema imekwisha kwa sasa. Alisema imekwisha.

Akanipeleka ng'ambo ya mto mkavu, huko kwetu Matinyani, akanionyesha mizinga mitatu juu ya miti. "Hii ni yako," akasema. "Usipokufa, itakulisha."

Ilikuwa mitupu. Maua hayakuwako, na pasipo maua nyuki hawakai. Lakini kila mzinga ulikuwa na alama ya ukoo wetu iliyochongwa kwa tezo: mikato miwili iliyolala na mmoja uliosimama. Nataka msomaji aikumbuke alama hiyo, kwa maana mambo ya alama ndiyo yaliyonifelisha mtihani katika nchi ya watu.

Miaka iliyofuata siwezi kuiandika yote na haina haja. Nilipakia mkaa kwenye malori pale Emali. Nilichimba mitaro ya barabara. Nilichonga mizinga kwa magogo ya mti wa mukau nikaipeleka kuuza hadi Mwingi, na huko wafanyabiashara wa mifugo waliniuliza kama ninauza ngoma. Kila nilipopata kitu nilirudi nyumbani nikaongeza mzinga wangu mmoja. Kufika mwaka wa 1975 nilikuwa na mizinga thelathini na sita, mke mmoja, watoto wawili, na hapakuwa na mtu niliyemwogopa.

Mwaka huo ushirika wetu wa asali ulipata barua. Mtu mmoja alitakiwa aende Tanzania muhula mmoja, miezi minne, akasomee ufugaji wa nyuki wa kisasa. Gharama zote zilikuwa juu ya wenyeji. Vijana waliokuwa wamemaliza shule walidhani ni Uingereza, wakajaa ofisini. Waliposikia ni Tanzania, mmoja akakumbuka mama yake ni mgonjwa, mwingine akakumbuka ana harusi. Mwenyekiti akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na madebe yangu ya asali.

"Wewe, kusoma unajua?"

"Jina langu na hesabu."

"Inatosha. Hata nyuki hawasomi."

Halafu akanieleza mambo yalivyo. Ushirika ulitaka mtu wa kuzunguka lokesheni nzima akikagua mizinga ya wanachama na kuwafundisha, na mtu huyo atalipwa kila mwezi. Nikirudi na cheti, kazi ni yangu. Nikirudi bila cheti, atampa karani wake wa kidato cha nne.

"Karani wako anaogopa nyuki," nikasema. Karani mwenyewe alikuwa ameketi hapo akiandika.

"Anaogopa," mwenyekiti akasema, "lakini ana karatasi."

Nilipomwambia mke wangu, alikuwa anatwanga mahindi ya muthokoi. Hakuacha kutwanga.

"Unaenda kusomea nyuki? Wewe?"

"Naenda kuleta karatasi."

"Basi ilete kabla ya Novemba. Mvua haitakungoja, baba yao, na mimi sina mikono minne."

Nilipandia Emali hadi Loitokitok, nikavuka mpaka, nikashukia Moshi, kisha mabasi na gari la moshi mpaka hesabu ya siku ikanipotea. Watu hucheka nikisema nimesoma ng'ambo. Wanadhani lazima uvuke bahari. Mimi niliona polisi wenye sare nyingine, nikashika pesa yenye sura ya mtu mwingine, na nikawasikia watu wakizungumza Kiswahili kama kwamba wamezaliwa nacho, si kama sisi tunaokikopa tukienda sokoni. Hiyo ni ng'ambo ya kutosha.

Shule ilikuwa katikati ya msitu wa miombo, mbali sana upande wa magharibi. Jina lake sitalitaja. Tulikuwa wanafunzi ishirini na wawili, na mgeni nilikuwa mimi peke yangu. Stoo walinipa godoro, blanketi mbili, sahani, kikombe na kijiko, vyote vimepigwa rangi namba kumi na saba. Nikaonyeshwa kitanda cha chuma.

Sasa nitasema jambo ambalo wazee wa rika langu hawalisemi. Nilikipenda kile kitanda. Tangu 1961 sikuwahi kukaa hata siku moja bila mtu kuningoja nilete kitu. Pale kengele ikilia unakula. Ikilia tena unaingia darasani. Ikilia mara ya tatu unakula tena. Hakuna aliyeniuliza nimeleta nini. Wiki ya kwanza nilikuwa naamka nikiwa tayari nimeweka mguu chini, kisha nakumbuka hakuna pa kukimbilia, naurudisha ndani ya blanketi. Mtu mzima wa miaka ishirini na minane.

Mwenzangu wa chumba alikuwa Msukuma, mrefu, mwenye mdomo usiofungwa. Asubuhi ya kwanza aliketi kitandani kwake akatangaza, "Nyang'au ameamka!" Siku zile Watanzania walituita hivyo sisi Wakenya, wanyama walao watu, kwa sababu walisema kwetu kila mtu anamla mwenzake. Nikamwambia nyang'au akiamka na njaa huanza na aliye karibu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwamba kwao kuna utani, kabila fulani na fulani hutaniana hata msibani na hakuna ruhusa ya kukasirika. Wakamba na Wasukuma hawana utani. Akasema yeye ameuanzisha leo, na kuanzia siku hiyo akaniita mtani.

Ndiye aliyeniokoa jikoni. Mpishi alikuwa mama mnene wa makamo, na mimi nilimwendea na sahani yangu nikamwambia, "Habari yako, mama." Mwiko ukabaki hewani.

"Wewe Mkenya, mimi nimekuzidi miaka ishirini. Habari yangu unaitakia nini?"

Msukuma akaninong'oneza, "Sema shikamoo, mtani, la sivyo utakula sahani."

Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, na ugali ukashuka. Kwetu neno hilo tulikuwa tunalisikia redioni tu. Huko ukilikosa hukai.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole mwenye miwani, na mikono yake ilijaa makovu ya miiba ya nyuki. Nilimheshimu kwa ile mikono kabla ya kumheshimu kwa maneno. Alifundisha kwa ubao, na mimi ubao ulinitesa. Wenzangu walikuwa wa darasa la saba na kuendelea. Wao waliandika, mimi nilinakili maumbo ya herufi na kuyaweka maneno kichwani. Nusu ya aliyofundisha nilikuwa ninaijua tangu utotoni. Nusu nyingine ilikuwa mpya na ilikuwa nzuri, sitaikana: kofia ya wavu, bomba la moshi la kuwatuliza nyuki, sanduku lenye pau ambazo unaziinua moja moja, unachukua asali na kuwaachia nyuki watoto wao. Sisi tulikuwa tunakwenda na mwenge wa moto, na nusu ya nyuki tunawaua. Jambo hilo lilinikaa moyoni.

Mwezi wa pili wa muhula kila mwanafunzi aliunda mzinga wake wa sanduku. Wangu ulikuwa mzuri kuliko yote, na hili silisemi kwa majivuno, linaweza kuulizwa. Nilipomaliza nilichukua patasi nikachonga ubavuni mikato miwili iliyolala na mmoja uliosimama. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Mwalimu akapita.

"Ndugu, hii nini?"

"Alama ya ukoo wetu."

"Mizinga hii ina namba. Wako ni kumi na saba, na ni wa shule."

Nikamweleza. Kwetu mzinga usio na alama ni gogo tu, yeyote aweza kulichukua. Ukishachongwa alama, una mwenyewe. Alama hiyohiyo iko kwenye ng'ombe wake na kwenye mshale wake. Na mzinga wenye alama isiyo yako huufungui, hata ukikufa njaa chini yake. Baba yangu alipita chini ya mizinga michache ya watu iliyobakiwa na asali mwaka wote wa 1961 na hakunyoosha mkono. Zamani, mtu aliyekamatwa kwenye mzinga wa mwingine hakupelekwa kwa chifu. Alimalizwa palepale, na nduguze hawakudai kitu.

Mwalimu akafuta miwani yake. "Hapa mali ni ya wote, ndugu," akasema. Lakini alama hakuiondoa. Tukaupandisha mzinga kwenye mti, na baada ya wiki tatu nyuki wakaingia.

Mwezi wa nne, wa mwisho, ukafika. Wenzangu walikuwa wanapiga mistari ukutani kwa mkaa, kila siku mstari, wakifurahia kwamba muhula unakwisha. Mimi pia nilihesabu, lakini nilipofika mwisho wa hesabu sikujisikia chochote ninachoweza kukipa jina. Ikaja barua kutoka kwa mke wangu, imeandikwa na jirani. Ilisema: mawingu yameanza, mpini wa jembe umevunjika, mtoto wa pili anatembea. Nikaisoma kwa saa nzima, neno kwa neno. Nilitaka kumwona mtoto akitembea. Sikutaka kuuona mpini wa jembe. Yote mawili yalikuwa katika karatasi moja.

Mtihani ulikuwa na sehemu mbili. Ya kuandika nilijibu maswali machache, wino ukanimwagikia, saa ikaisha. Mwalimu akaniita kando akaniambia ukweli. "Kwa karatasi umeanguka. Lakini vitendo vina alama nyingi, na kwa vitendo hapa huna mpinzani. Fanya vizuri kesho, cheti utakipata."

Kesho yake alasiri akaja mkaguzi kutoka wizarani, kijana mwenye buti mpya na saa kubwa mkononi. Tukachota namba kutoka ndani ya kofia. Kazi ilikuwa moja kwa wote: utapelekwa kwenye mzinga wa zamani wa gogo, uufungue, uhamishe masega na nyuki kwenye sanduku la kisasa. Dakika thelathini. Kazi hiyo mimi ningeifanya huku nimefumba macho. Nilichota namba tisa.

Nilivaa kofia yangu ya wavu, nikawasha bomba, moshi ukatoka vizuri, nikauendea mti. Gogo lilikuwa limeteremshwa likawekwa juu ya mawe mawili. Nikainama kushika kifuniko. Hapo nikaona duara, na mkato umelipasua katikati. Alama. Ya zamani, kingo zake zimekuwa laini, lakini aliyeichonga hakuwa anacheza.

Nikasimama wima.

"Mwenye mzinga huu yuko wapi?" nikauliza.

Mkaguzi akatazama saa. "Mzinga wa shule huo. Anza."

"Si wa shule. Una alama ya mtu."

"Alama gani? Ndugu, muda unakwenda."

Mwalimu akaja haraka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba msitu ule zamani ulitumiwa na wazee wa hapo. Mwaka uliotangulia walihamishiwa kijiji kipya, mbali, na mizinga ikabaki.

"Mwenyewe alimpa nani mzinga wake?"

"Hakumpa mtu. Aliuacha."

"Mwalimu, mzinga hauachwi. Mtu akifa anaurithi mtoto wake. Asipokuwa na mtoto, unarithiwa na ukoo. Huyu amekufa?"

"Sijui."

"Basi nipeni mwingine."

Mkaguzi akasema, "Hapa si sokoni, huchagui."

Kwenye mti wa pili Msukuma alikuwa ameingiza mikono gogoni hadi kwenye viwiko, nyuki wamemfunika kofia yote. Akapiga kelele, "Mtani! Fungua hilo gogo! Nyang'au gani huyu anayeogopa kula?"

Watu wakacheka. Mimi pia ningecheka siku nyingine. Nikamwambia mkaguzi, "Mwenyewe akija akasema fungua, nafungua. Asipokuja, sifungui." Nikaketi juu ya sanduku langu, bomba likiwa mkononi. Moshi ulitoka, ukapungua, ukaisha. Dakika thelathini ni nyingi ukiwa umeketi. Mkaguzi akaandika kwenye daftari lake, na kwa kuwa alisimama mbele yangu niliona alichoandika. Sifuri husomeka hata ikiwa kichwa chini.

Siku mbili baadaye majina yalisomwa. Langu halikuwamo. Mwalimu alinikuta nje.

"Ungeniambia mapema ningemtafuta yule mzee."

"Sikujua mapema."

"Hata mimi sikujua kuna alama," akasema. "Nimepita hapo mara mia." Kisha akaniambia kuna njia. Walioanguka wanaweza kurudia muhula. Ataniombea. Unaanza baada ya wiki mbili, miezi minne, chakula na kitanda vilevile, na mtihani mwishoni.

Hapa nitaandika jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata mke wangu. Aliposema maneno hayo nilifurahi. Nilirudi chumbani mchana ule nikalala chali juu ya godoro namba kumi na saba, na mwili wote ukalegea. Miezi minne mingine ya kengele. Nikajiuliza, na hadi leo najiuliza: lile gogo nililikataa kwa ajili ya alama, au kuna kitu ndani yangu kilichoiona alama kikashukuru? Watu wanaonijua husema ni alama. Wao hawakulala kwenye kile kitanda.

Jioni nikaenda jikoni. Nikasema shikamoo, nikamwambia mama mpishi kwamba sitaondoka, nitarudia.

"Marahaba. Unarudia mtihani ule ulioukataa?"

"Huenda watanipa mzinga mwingine."

"Na wakikupa wenye alama?"

Nikamsogezea sahani. Akanipakulia, akaegemea mwiko wake.

"Mwanangu, mimi nimepika hapa miaka mingi. Kuna wanaorudia kwa ajili ya cheti, na kuna wanaorudia kwa ajili ya ugali wangu. Wote nawajua kwa kutazama sahani." Akaitazama yangu. Siku zote nilikuwa naifuta hadi inang'aa. "Wewe una mke?"

"Ninaye."

"Anakula wapi?"

Niliondoka pale na hasira ambayo ilinichukua hadi Moshi. Ningepigwa kofi ingekuwa afadhali. Lakini chakula nilikimaliza kwanza.

Asubuhi nikarudisha vitu stoo. Mwenye stoo alivisoma kimoja kimoja: godoro moja, blanketi mbili, sahani, kikombe, kijiko. Kila kimoja alikitia alama ya vema. Alipofika kwenye kijiko nilitaka kumwambia kimepotea. Nikakitoa mfukoni nikampa.

Msukuma alinisindikiza hadi barabarani. Njiani tulipita kwenye mzinga wangu, nyuki wakiingia na kutoka kama watu wenye kazi. Asali ilikuwa bado changa.

"Ikikomaa nitakurinia," akasema.

"Usiufungue."

"Wewe utakuwa Kenya, mtani!"

"Hata nikiwa kaburini."

Akacheka, lakini safari hii si sana. Alinipa kofia yake ya wavu kwa kuwa yangu ilikuwa imechanika, na mimi nikampa kisu changu cha kurinia asali. Sikumwona tena. Muda si mrefu mpaka ulifungwa kwa mambo ya wakubwa, ukakaa miaka, na hata kama ningetaka kurudia muhula nisingepita.

Mtoto alikuwa anatembea kweli. Alinikimbia. Mpini nikautengeneza siku hiyohiyo, mvua ikanyesha siku ya tatu.

Wiki iliyofuata nikaitwa kwenye mkutano wa ushirika, ndani ya stoo ya asali, wanachama wameketi juu ya madebe. Mwenyekiti akanyoosha mkono.

"Haya. Kiko wapi?"

"Sikupata."

Karani aliinama kwenye daftari lake akificha meno. Mwenyekiti akasema, "Miezi minne umekula vya watu, na sisi tumetangaza mpaka kwa chifu. Ulifeli nini?"

Nikawaeleza kama nilivyoandika hapa, isipokuwa mambo ya kitanda. Nilieleza nikiwa nimesimama, bila kuomba huruma, maana nilikuwa nimekwisha kuamua kurudi Emali kwenye malori. Kisha mzee mmoja wa nyuma, mtu mgumu ambaye hakuwahi kunisifu kwa lolote, akauliza, "Hiyo alama ilikuwa namna gani?"

Nikachora sakafuni kwa kidole, kwenye vumbi: duara, na mkato katikati.

Wakainuka kuitazama. "Ya ukoo gani hii?"

"Sijui. Ni ya watu wa huko."

"Humjui mwenyewe?"

"Simjui."

"Na hakuna ambaye angejua."

"Hakuna."

"Na hukufungua."

"Sikufungua."

Mzee akarudi kwenye debe lake. "Mimi niko na mizinga sitini," akasema. "Iko huko porini, silali nayo. Huyu karani akija na karatasi yake kuikagua, nitamfungulia mbwa. Huyu mwingine aje siku yoyote, hata nikiwa sipo."

Mwenyekiti akasema, "Lakini cheti hana."

"Cheti kitalinda asali yangu?"

Wakaanza kusema wote pamoja. Kila mtu mle ndani alikuwa na mizinga mahali asipoiona. Karani akasimama akasema hiyo si njia ya kuendesha ofisi, na kwa kweli alikuwa na haki. Mwenyekiti akawaacha wachoke, kisha akaniambia kazi ni yangu, ila kwa kuwa sina karatasi nitalipwa nusu ya ule mshahara. Nilikasirika. Nilikubali.

Wanaposimulia habari hii, watu wa kwetu huishia hapo, na husema uaminifu ulinilipa. Ulinilipa nusu. Nusu hiyo nililipwa kwa miaka tisa hadi walipoona aibu. Nilitembea kwa miguu lokesheni nzima, baadaye kwa baiskeli, nikawafundisha watu waache mwenge washike bomba la moshi, wawaachie nyuki watoto wao. Wengi walikataa. Baadaye wakaona wenzao wanapata asali mara mbili kwa mwaka, wakaniita kama kwamba hawakunifukuza. Wapo waliojifunza kutoka kwangu wakaenda kufundisha Makueni. Hakuna niliyempa cheti.

Kuhusu ule muhula, sina majuto wala sina furaha niliyoiweka akiba. Nilipenda kuwa mwanafunzi. Ningeweza kuwa mwanafunzi mzuri kama ningeanza mapema, na hilo nalijua bila kuambiwa na mtu. Siku nyingine nikiwa nimechoka naisikia ile kengele.

Leo nina mizinga mia moja na kumi na nne, ya magogo na ya sanduku, yote ina alama. Nina shamba ekari kumi na moja Matinyani. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vitano na matangi mawili ya maji. Nina ng'ombe sita, mbuzi wengi, punda wawili. Nina ploti Emali yenye maduka matatu, na katika moja nauza asali yangu mwenyewe. Nina mke yuleyule. Watoto saba, wote walimaliza shule. Kofia moja ya wavu ya Msukuma, imeshonwa mara nyingi. Kitanda cha chuma, nilikinunua 1988, mnadani, shule fulani ilipokuwa ikiuza vya zamani. Cheti sina. Na nina mzinga mmoja magharibi ya Tanzania, kama haujaoza. Una mikato miwili iliyolala na mmoja uliosimama. Ni wangu.